Gofu Juu ya Magofu

Neno gofu kwa watu wa pwani ni neno la kale. Ni jengo lililoachwa na wenyewe, paa likaanguka, zikabaki kuta na mizizi ya miti. Twasema magofu ya Gedi, magofu ya Takwa kisiwani Manda, magofu ya Kilwa. Kisha wakaja Waingereza na mchezo wao wa kupiga kijipira kwa fimbo hadi kitumbukie shimoni, na jina la mchezo huo likaingia katika Kiswahili, likakaa palepale penye neno la zamani, kwa maandishi yaleyale na matamshi yaleyale. Maneno hayo mawili ni somo, lakini hayana udugu.

Katika makala haya nataka kumpeleka msomaji mahali ambapo somo hawa wawili walikutana kwa kweli. Ni mbali na minazi yetu na mbali na bahari: mji mdogo wa Anaconda, katika jimbo la Montana, kaskazini-magharibi mwa Marekani, chini ya milima yenye theluji. Pale, juu ya mabaki ya viwanda vya kuyeyushia shaba, juu ya udongo uliolishwa sumu kwa miaka mingi, ulijengwa uwanja wa gofu ukafunguliwa kwa umma mwaka 1997. Habari yake yatuhusu, kwa kuwa yauliza swali ambalo hata sisi wa visiwani na mwambao hatuna budi kulijibu: ardhi iliyojeruhiwa yaweza kuponywa, au yaweza kufunikwa tu?

Yamkini msomaji atashangaa kusikia gofu ikitajwa pamoja na umma. Sisi tuliujua mchezo huu kuwa wa mabwana. Unguja, wakati wa ukoloni, Waingereza waliucheza Mnazi Mmoja, kando ya Mji Mkongwe. Mombasa waliucheza juu ya miamba inayoitazama bahari, na mwenyeji aliyekanyaga majani yale aghalabu aliyakanyaga akiwa mbeba fimbo za mwingine. Hata hivyo, asili ya mchezo si hiyo. Huko Uskochi ulikozaliwa, ulikuwa mchezo wa watu wa mji. Ulipendwa mno hata mwaka 1457 bunge la nchi hiyo likaupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa kuwa vijana waliacha kujifunza kulenga mishale. Mwaka 1552 hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ilithibitisha haki ya watu wa St Andrews kucheza gofu juu ya matuta ya mchanga ya pwani yao. Ardhi ile haikufaa jembe. Ilikuwa mchanga, upepo na majani mafupi. Kwa hiyo mchezo huu ulianza kwa kukipa kazi kiwanja kisicho na kazi, na kazi hiyo ilikuwa ya watu wote.

Sasa na tuende Montana. Marcus Daly alizaliwa Ireland mwaka 1841, akavuka bahari akiwa kijana maskini, akajifunza uchimbaji migodini. Alipoingia katika mgodi ulioitwa Anaconda, katika mji wa Butte, alikuwa akitafuta fedha. Mwaka 1882 alikuta mwamba mnene wa shaba. Mtu mwingine angaliweza kusikitika, maana shaba ilikuwa na thamani ndogo kuliko fedha. Lakini mwaka huohuo wa 1882, mjini New York, Thomas Edison alikuwa amewasha kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl, na umeme hauendi pasipo waya, na waya ulitaka shaba. Dunia nzima ilikuwa karibu kuhitaji kile ambacho Daly alikikuta.

Shaba haitoki ardhini ikiwa safi. Hutoka ndani ya mawe, imeshikamana na kiberiti na aseniki, nayo hutenganishwa kwa moto. Kazi hiyo hutaka kuni nyingi na maji mengi, na Butte haikuwa na maji ya kutosha. Kwa hiyo mwaka 1883 Daly alijenga mji mpya kiasi cha kilomita 40 kutoka mgodini, kando ya kijito cha Warm Springs. Alitaka kuuita Copperopolis, yaani Mji wa Shaba, lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na mji mwingine wa Montana, basi ukaitwa kwa jina la mgodi. Mwaka 1884 matanuri yakawashwa. Watu wakaja kutoka Ireland, kutoka nchi za Waslavi na kwingineko, na mji ukakua kwa moshi kama vile miji yetu ilivyokua kwa jahazi.

Mwaka 1902 kampuni ilifungua kiwanda kikubwa zaidi upande wa pili wa bonde, kikaitwa Washoe, na matanuri ya kwanza yakaachwa. Tangu hapo watu wakayaita Old Works, yaani Kiwanda cha Kale. Mashine ziliondolewa, majengo yakabomolewa. Kilichobaki ni kuta za matofali, njia za moshi zilizopanda mlimani, na vilima vyeusi vya makapi yaliyobaki baada ya shaba kuyeyushwa. Mafundi wetu wa zamani, waliofua majembe na visu, makapi ya namna hiyo waliyaita mavi ya chuma. Haya basi yalikuwa mavi ya shaba. Hayo ndiyo magofu niliyoyataja mwanzoni.

Kiwanda kipya hakikuwa na huruma zaidi ya kile cha kwanza. Moshi wake ulibeba aseniki ikaangukia majani ya malisho, na ng'ombe na farasi wa wakulima wa bonde la Deer Lodge wakafa. Mwaka 1905 wakulima walikwenda mahakamani kwa jina la mwenzao mmoja, wakitaka moshi ukomeshwe. Kesi iliendelea hadi mwaka 1909, na hukumu ikawa upande wa kampuni, kwa hoja kwamba kukifunga kiwanda kungeleta hasara kubwa kuliko hasara ya moshi. Hoja hiyo ni ngumu kuibeza, maana maelfu ya watu walikula kwa moshi ule. Lakini hukumu yenyewe ilikuwa kama kusema kwamba ziko ardhi zilizoandikiwa kuliwa ili watu wengine wapate kula.

Mwaka 1918 ilikamilika dohani moja ya matofali yenye urefu wa futi 585. Mnara wa ukumbusho wa Washington, wenye futi 555, ungeweza kuingia ndani yake. Ilijengwa ndefu kiasi hicho ili moshi upande juu na kusambaa mbali. Kwa mwenyeji wa Anaconda dohani hiyo ilikuwa saa, dira na dua. Ikitoa moshi, baba ana kazi. Isipotoa, kuna mgomo au kuna njaa.

Kampuni ya Anaconda ilikuwa imepanua mikono hadi Chile, ambako ilimiliki mgodi mkubwa wa Chuquicamata. Mwaka 1971 serikali ya Chile ilitaifisha shaba yake, na kampuni ikapoteza nguzo yake kubwa. Mwaka 1977 ilinunuliwa na kampuni ya mafuta ya ARCO. Na Jumatatu ya tarehe 29 Septemba 1980 watu wa Anaconda waliambiwa kwamba kiwanda kimefungwa, nacho hakitafunguliwa tena. Watu wapatao elfu moja walipoteza kazi kwa tangazo moja. Haukuwa mji uliofiwa na kiwanda tu. Ulikuwa mji uliozaliwa na kiwanda, na sasa mama amekufa.

Katika Desemba ya mwaka huohuo wa 1980 Marekani ilipitisha sheria ya kusafisha ardhi zilizotiwa sumu na viwanda, ijulikanayo kwa jina la Superfund. Sheria hiyo ilimbebesha mwenye mali gharama za kusafisha, hata kama uchafu ulimwagwa na waliomtangulia. Mwaka 1983 Anaconda iliingizwa katika orodha ya sheria hiyo, pamoja na takriban maili 300 za mraba za nchi inayouzunguka. Katika kitongoji cha Mill Creek, karibu na kiwanda, watoto walipimwa wakakutwa na aseniki miilini mwao. Kabla ya mwaka 1988 kwisha wakazi wote walikuwa wamehamishwa na nyumba zao zikaondolewa. Hapa ndipo methali yetu isemayo mavi ya kale hayanuki inaposhindwa. Ya Anaconda yalikuwa ya kale, nayo hayakunuka, lakini yaliua pasipo kunuka.

Njia ya kawaida ya kushughulikia ardhi kama ile ya Kiwanda cha Kale ni kuifunika, kuizungushia ua na kuweka vibao vya kuwakataza watu. Wenyeji hawakuridhika na ua. Walisema kwamba ikiwa fedha zitatumika kuifunika ardhi, basi na ifunikwe kwa kitu kitakachowaletea wageni na riziki. Likaja wazo la gofu. Mwenye kuisikia mara ya kwanza huiona kama dhihaka, lakini yalikuwapo mantiki. Uwanja wa gofu hauchimbwi msingi mrefu wa nyumba. Haulimwi chakula. Hakuna mtoto alalaye juu yake. Wahitaji tabaka la udongo, majani na mtu wa kuyatunza daima, na ardhi iliyofunikwa juu ya sumu yahitaji mambo hayohayo, hasa lile la kutunzwa daima.

Kazi ya kuchora uwanja alipewa Jack Nicklaus, mchezaji aliyeshinda mashindano makubwa ya gofu mara 18 na ambaye baadaye akawa msanifu wa viwanja. Gharama zililipwa na ARCO, iliyokuwa na wajibu huo kisheria. Taka hazikuhamishwa zote, maana zilikuwa nyingi mno. Zilisawazishwa zikafunikwa: mawe ya chokaa ili kuua ukali wa asidi, udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye, kisha udongo mzuri wa kuotesha majani. Palichimbwa mifereji na mabwawa ya kukusanya maji ya kunyweshea, ili yasishuke chini yakaichukua aseniki hadi kwenye kijito. Kwa hiyo chini ya majani yale yapo majengo mengine yasiyoonekana, yaliyosanifiwa kwa uangalifu kuliko hata mchezo wenyewe.

Jambo moja ndilo lililoupa uwanja huo sifa duniani. Katika viwanja vya gofu huwa pana mabonde madogo ya mchanga mweupe yaliyowekwa kumtega mchezaji. Hapo Anaconda mabonde hayo yamejazwa mchanga mweusi. Si mchanga, bali ni yale mavi ya shaba, punje nyeusi zing'aazo juani kama baruti. Juu ya mlima, pembeni mwa majani mabichi, zimeachwa kuta za matofali na njia za moshi za mwaka 1884, na mgeni huweza kupita katika njia ya miguu akazitazama. Na upande wa pili wa bonde yasimama dohani. Ilikuwa ibomolewe baada ya kiwanda kufungwa, wenyeji wakaipigania, na tangu mwaka 1986 imekuwa mali ya hifadhi ya jimbo. Lakini mgeni haruhusiwi kuikaribia, kwa kuwa udongo ulio chini yake si salama. Huangaliwa kwa mbali, kama mfalme aliyekufa kwa maradhi ya kuambukiza.

Je, tuiite habari hii ushindi? Mwenye kuikosoa ana la kusema. Atasema kwamba hii ni funika kombe mwanaharamu apite, kwamba sumu iko palepale, ila sasa imevalishwa kanzu ya kijani. Atasema pia kwamba mji uliopoteza kazi elfu moja haukulipwa kazi elfu moja. Mwaka 1980 wilaya hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 12,000. Hesabu ya mwaka 2020 haikufikisha 10,000. Mchezo hauwezi kuwa mwajiri kama tanuri. Na aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa makapi huenda asiweze, wala asitake, kununua fimbo za gofu.

Hayo yote ni kweli. Lakini mimi naona kwamba mchanga mweusi unamjibu mkosoaji kwa kiasi fulani. Mwenye kufunika kombe hutaka kilichomo kisionekane. Watu wa Anaconda wangaliweza kuleta mchanga mweupe kutoka mbali na kumfanya mgeni asahau. Wao walikichukua kile kilichobaki katika uchungu wao wakakiweka juu, machoni, mahali ambapo kila mchezaji atakikanyaga. Huko si kuficha. Ni kukiri. Kovu lao wameliacha wazi, nasi twajua wahenga walivyosema: mwenye kovu usidhani kapoa. Anaconda hawakudai kwamba wamepoa. Walidai tu kwamba mwenye kovu naye ana haki ya kuishi.

Msomaji asidhani kwamba dohani na vilima vyeusi ni mambo ya Wazungu peke yao. Wako wenzetu wasemao Kiswahili waliozaliwa chini ya kivuli cha namna hiyohiyo. Mjini Lubumbashi, Kongo, kampuni ya Union Minière ilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na mji ukakua kuizunguka dohani na mlima wa makapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mlima huo ulianza kuchukuliwa na kuyeyushwa upya ili kupata kobalti iliyobaki ndani yake. Kule Montana makapi yalifanywa mchezo. Huku Katanga yalirudishwa motoni. Tofauti hiyo yasema mengi juu ya nani ana nafasi ya kupumzika duniani na nani hana.

Wala hatuhitaji kwenda bara kutafuta mfano. Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954. Saruji yake ilitokana na mawe ya matumbawe, yaleyale ambayo babu zetu waliyachonga kwa nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja na kuyachoma kwa chokaa. Babu walichukua kwa tishali na punda. Kiwanda kilichukua kwa baruti na magari. Kikaacha nyuma yake jangwa la mawe meupe, chini kabisa karibu na maji ya chumvi, mahali pasipoota hata ukoka. Mwaka 1971 bwana shamba mmoja Mswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili ni tatu tu, na mbele yake ukiwa mvinje. Mizizi ya mvinje hupata chakula kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu, kwa hiyo huweza kuishi penye jiwe tupu. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Ndipo walipoletwa majongoo. Jongoo huyatafuna majani ya mvinje, na kinyesi chake hugeuka udongo.

Sisi husema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Huko Bamburi jongoo hakutupwa, na kwa hiyo mti haukutupwa. Mwaka 1984 mahali hapo palifunguliwa kwa umma, na leo panaitwa Haller Park. Humo ndimo kilimoletwa yule kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa Malindi baada ya mawimbi makuu ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee aliyeitwa Mzee. Dunia nzima ilisoma habari ya kiboko na kobe. Wachache waliuliza habari ya udongo waliokuwa wakiukanyaga, udongo ambao kabla ya jongoo haukuwapo.

Tukiyaweka Anaconda na Bamburi pamoja, tofauti yajitokeza. Bamburi ardhi ilivuliwa nyama, lakini haikulishwa sumu. Kwa hiyo iliweza kuotesha nyama nyingine, polepole, kwa subira ya mdudu. Anaconda ardhi ililishwa sumu, nayo aseniki haiozi wala haizeeki. Haiwezi kuponywa kwa mvinje wala kwa jongoo. Yaweza kufunikwa tu, na kifuniko chataka mlinzi, mwaka huu na mwaka ujao na miaka mia ijayo. Kwa hiyo swali nililoanza nalo lina majibu mawili. Iko ardhi inayopona, na iko ardhi inayotunzwa kama mgonjwa asiyepona. Jibu hutegemea kile tulichokimwaga kabla ya kuuliza.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi wa visiwani. Kisiwa hakina bara la kukimbilia. Mashimo ya mawe, mchanga na udongo tunayoyachimba hayako mbali na visima tunavyonywa, na jaa letu halina ng'ambo ya bonde pa kulihamishia. Kampuni ya Daly ilipolichosha bonde upande mmoja, ilivuka ikaanza upande wa pili. Sisi tukivuka, twavuka baharini.

Kwa hiyo, msomaji, siku utakapopita kando ya magofu ya Gedi au ya Takwa, ukaona mizizi imekumbatia kuta, ushukuru kwa jambo moja ambalo huenda hujawahi kulifikiri. Waliojenga pale walijenga kwa matumbawe, chokaa na boriti, wakaondoka, na ardhi ikayapokea majengo yao bila ya kuugua. Gofu lao halikuhitaji kufunikwa. Tunayoyajenga leo nayo yatakuwa magofu siku moja, na watakaotufuata watataka kucheza, kulima, au kulala juu yake.